Mama Toleo na Karatasi ya Nyuma

Mke wa kaka yangu hajaitwa kwa jina lake siku nyingi. Kiwandani wanamwita Mama Toleo, na jina limemfuata mpaka nyumbani, mpaka kwa muuza mkaa, mpaka kwa watoto wa jirani ambao hawajui hata hilo toleo ni kitu gani. Mimi namwita wifi, kama ilivyo haki yangu, na kwa haki hiyohiyo nitamsema nitakavyo. Wifi na wifi hatuna mkataba wa kusifiana. Kwa hiyo mkisikia nimemsifu mahali, mjue anastahili, na mkisikia nimemchana, mjue ninayo sababu, tena naibeba usoni kila ninakokwenda.

Kiwanda chetu ni cha maziwa. Yanaletwa mabichi asubuhi kwa malori, yanachemshwa, yanapoozwa, yanafungwa kwenye pakiti, na mwisho wa pakiti hizo nipo mimi, upakiaji, na kofia yangu ya wavu kichwani. Yeye alikuwa juu, ofisini, karani wa nyaraka. Watu wakisikia nyaraka wanadhani ni kazi ya kukaa kitako, chai mkononi, muhuri pembeni. Hata mimi nilidhani hivyo, mpaka nilipomwona anavyohangaika.

Kila mashine na kila chumba pale kiwandani kina karatasi ya maelekezo. Inasema uanze na nini, umalizie na nini, kipimo kiasi gani, maji ya moto au ya baridi. Mambo yakibadilika, karatasi inachapwa upya, na pembeni kule juu inaandikwa toleo la ngapi. Kuchapa mpya si kazi. Kazi ni kuiondoa ya zamani, maana watu wanazipenda karatasi zao za zamani kama mashuka yao. Wameandika humo namba za simu, wamechora mishale yao, wamezizoea. Wifi yangu alikuwa anazifuata moja moja kwa miguu yake. Anafika, anaitoa ya zamani kwa mkono wake, anaitia kwapani, ndipo anaitundika mpya. Akirudi ofisini anaigonga ile ya zamani muhuri mwekundu wa IMEFUTWA, anatia sahihi kwenye orodha, anaichana vipande. Kuna fundi wa boila aliwahi kuificha ya kwake ndani ya kofia. Wifi alimvua kofia mbele ya watu, akachukua mali yake, akamrudishia kofia, akamwambia ahsante.

Nyumbani alikuwa vilevile. Wanakaa nyumba ya mbele, mimi nina chumba changu nyuma, uani, mlango wangu unatazamana na jiko lao, kwa hiyo hakuna linalonipita. Kaka akichelewa kurudi anakuja na hadithi yake: gari la kazini limekufa betri, au wamekaguliwa barabarani, au kuna mwenzao ameugua. Wifi anakoroga chai, hata hamtazami. Anamuuliza, "Na hilo ni toleo la ngapi?" Basi kaka anajikuta ameanza kucheka mwenyewe, na mwanaume akishacheka uongo wake ndio umeishia hapo. Mimi kule chumbani kwangu nacheka mpaka nashika mbavu.

Na alikuwa na mahubiri yake. Kila mgeni aliyeajiriwa pale kiwandani aliyasikia siku ya kwanza: usifuate kichwa chako, fuata karatasi, kichwa kina mambo mengi. Mimi nimeyasikia mahubiri hayo kazini, nimeyasikia uani tunapoanika nguo, nimeyasikia hata msibani. Nilikuwa nambeza, lakini yaliniingia.

Sasa nije kwenye viatu, maana bila viatu hamtanielewa.

Wakaguzi walikuwa wanakuja kiwandani. Wakaguzi wakija, meneja mwenyewe anatembea upande upande, na ofisi ya nyaraka ndiyo ya kwanza kufunguliwa. Wifi akajinunulia viatu vipya vya ngozi, vyekundu vya kuiva, kisigino cha wastani, na kifungo pembeni. Alivivaa uani nimwone. Nikamwambia anatembea kama kuku aliyekanyaga kaa la moto. Akaniambia wivu utaniua. Tukacheka, na kwa kweli vilimpendeza, ile miguu yake ya kutwa kukimbizana na karatasi ikaonekana miguu ya mtu.

Siku hiyohiyo ya wakaguzi ilikuwa zamu ya karatasi mpya ya chumba cha kuoshea matangi. Asidi ya kuoshea ilikuwa imebadilishwa. Ile ya zamani ilikuwa laini, unatia jagi mbili kwenye ndoo ya maji ya moto, unamwaga, unasugua. Hii mpya kali: nusu jagi, maji ya baridi, tena uvae miwani ya kinga. Madumu yalikuwa yaleyale ya bluu, na maandishi yake yanaoshwa na mvuke kabla hata hujayasoma. Kwa hiyo karatasi ndiyo ilikuwa kila kitu.

Chumba kile sakafu yake haikauki. Maji na povu mpaka kwenye vifundo, na mlangoni zimeninginia buti za mpira za watu wote, mbichi ndani. Na wale watu wa mle wana mtindo wao. Karatasi kule inakaa ndani ya mfuko wa plastiki angavu, unaoning'inizwa kwa kamba kwenye bomba. Ikiwa moja peke yake, unyevu unaikunja inakuwa kama sigara. Kwa hiyo wao wanatia mbili, mgongo kwa mgongo, ya zamani inaishikilia mpya isijikunje. Wifi alijua. Ndiyo sababu chumba kile hakuwahi kumtuma mtu, alikuwa anaingia mwenyewe na buti za watu, anaitoa ya nyuma, na kuwaachia kipande cha boksi badala yake.

Siku ile hakuingia. Alisimama kizingitini na viatu vyake vyekundu, akamwita muosha matangi, Mzee Povu, akampa karatasi mpya kwa mkono ulionyooshwa ili asirushiwe maji. Akamwambia aitundike, na ya zamani amletee kesho. Mzee Povu akasema haya. Wifi akapanda juu, na kwa kuwa wakaguzi walikuwa wanaitaka orodha baada ya chakula cha mchana, akatia sahihi kwamba ya zamani imeondolewa. Wakaguzi walimsifu sana. Kesho yake alikumbuka akiwa mbali na pale, keshokutwa hakukumbuka, na baadaye jambo likafunikwa na mengine.

Mzee Povu hasomi karatasi. Kazi ile iko mikononi mwake, aliambiwa kwa mdomo kuwa asidi imebadilika, basi, akabadilisha mkono. Mfuko ulikuwa unazunguka kwenye kamba yake na upepo wa mlangoni, leo upande huu, kesho upande ule, na yeye hana habari nao.

Kisha akaenda likizo.

Msimamizi alikuja upakiaji kutafuta mtu wa kushika nafasi. Akanichagua mimi. Alisema mimi nasoma vizuri na sina papara, na karatasi ipo pale pale, nifuate hiyo tu. Kweli nilienda kifua mbele. Nikavaa buti, nikaushika ule mfuko kwa mikono miwili, nikasoma kwa kidole, mstari kwa mstari, nikawa namwambia wifi kimoyomoyo kwamba leo utanikoma, leo utaona mtu anavyofuata karatasi. Maji ya moto, ndoo moja. Asidi, jagi mbili. Hakuna mahali palipotajwa miwani. Nikapima jagi ya kwanza. Kabla haijakwisha kumiminika ndoo ikafoka.

Sitaieleza sana sehemu hiyo. Walinivuta mpaka kwenye bomba la nje, wakanimwagia maji usoni mpaka gari lilipokuja. Jicho la kushoto lilipona. La kulia daktari aliniambia ukweli bila kuzunguka: litaona mwanga, halitaona sura.

Wifi ndiye aliyeniuguza. Nitamsema, lakini hilo silifichi. Asubuhi kabla ya kazi yuko mlangoni kwangu na chupa ya chai, jioni yuko tena, ananitia dawa, ananifulia, anazisuka nywele zangu kwa vidole vya mtu anayeogopa kuvunja kitu. Dawa nyingine inaishia shavuni. Nikawa namwambia, wewe wifi, jicho liko huku. Hakucheka.

Na kuna kitu kimoja nilikiona mapema, nikashindwa kukitafsiri. Alikuwa hakai upande wangu wa kushoto. Akiingia, anazunguka, anakaa kulia, upande wa jicho lililokufa. Nikigeuza shingo nimwone, anainuka kutafuta kitu, na akirudi yuko kulia tena. Nilidhani hataki nimwone analia. Ilikuwa hivyo, ila si hivyo tu.

Mahubiri yaliisha. Siku moja kaka alirudi usiku na hadithi ya tairi, hadithi mbovu kuliko zote alizowahi kuleta. Nikatega sikio nisikie toleo la ngapi. Wifi alimwambia pole, akamwekea chakula. Kaka alikaa pale mezani na kijiko mkononi, akaogopa kweli. Kesho yake alikuja kuniuliza kama mkewe ni mgonjwa.

Halafu wifi akaniletea vile viatu. Aliviweka kitandani kwangu vikiwa kwenye boksi lake. Alisema vinambana. Havikuwa vinambana hata kidogo, mimi mwenyewe nilimwona akivivaa. Lakini mtu anayepewa viatu vya ngozi haulizi maswali mengi, nikavichukua. Vilinizidi kidogo, nikajaza karatasi mbele.

Barua ya kiwanda ikaja nikiwa nimeanza kutembea bila kushikwa. Ilisema uchunguzi umefanyika. Maelekezo yaliyokuwa yanatumika yanasema nusu jagi, maji ya baridi, miwani. Karatasi ya zamani iliondolewa kabla ya ajali, kwa ushahidi wa orodha yenye sahihi. Kwa hiyo mimi nimekiuka maelekezo kwa uzembe, na nifike Ijumaa mbele ya meneja nieleze kwa nini nisifukuzwe kazi. Na kama ni uzembe wangu, na matibabu pia ni juu yangu.

Nilikwenda mbio kwa msimamizi. Nikamwambia mimi nimesoma jagi mbili, kwa macho yangu haya, nilipokuwa nayo yote. Akanihurumia. Akaenda kuuchukua ule mfuko, akaniletea. Ndani kulikuwa na karatasi moja, imejikunja kwa unyevu. Nusu jagi. Mzee Povu alikuwa amerudi likizo, akaulizwa kama alitundika karatasi mpya, akasema ndiyo, aliitundika. Hakuulizwa zaidi, na yeye anakaribia kustaafu, si mtu wa kujibu asichoulizwa.

Nikarudi nyumbani nimeishiwa nguvu. Kaka alinisikiliza, kisha akasema taratibu kwamba labda nilichanganya, na mvuke ule, na haraka ile, mtu anaweza kuona kitu ambacho hakipo. Kaka yangu wa tumbo moja. Kauli ile iliniuma kuliko asidi. Wifi alikuwa amesimama mlangoni na sufuria mkononi, akalitazama lile sufuria, akatoka nje.

Baada ya hapo nilianza kujishuku mwenyewe. Nilikuwa naokota kila chenye maandishi nakisoma kwa sauti, sabuni, pakiti ya chumvi, gazeti lililofungiwa nyanya, najipima. Nilijiambia nusu na mbili hazifanani hata ukiwa umelala. Kisha najiambia, lakini karatasi ipo, orodha ipo, sahihi ipo, sahihi ya wifi yangu, mtu ambaye maishani hajakosea karatasi hata moja. Kama yeye amesema imeondolewa, basi imeondolewa, na mwenye kosa ni mimi. Nikafika mahali nikaamini. Mtu anaweza kusukumwa mpaka akaacha kuamini alichokiona, msione mzaha.

Jumapili mchana nikamwita. Nikamwambia, wifi, maji yamenifika shingoni. Nikienda kubisha pale nitafukuzwa na jicho moja, na nani atamwajiri mtu wa jicho moja? Afadhali niombe radhi kabla sijaulizwa. Niandikie barua, wewe unajua maneno ya ofisini. Sema nakiri kwamba sikufuata karatasi, sema nilikuwa na haraka, sema sitarudia.

Akakaa. Upande wa kulia, kama kawaida. Nilikuwa nimevaa vile viatu vyekundu ndani humo humo chumbani, navizoeza kwa ajili ya Ijumaa, nisije nikajikwaa mbele ya meneja.

Nikatamka, akaandika. Alipofika kwenye nakiri akasimama, akasema wino umemwagika, akaifinyanga ile karatasi akaitupa chini. Sikuona wino wowote, lakini mimi nani wa kuona. Akaanza upya. Safari hii akafika mpaka kwenye haraka, akasema maneno hayajakaa sawa. Akafinyanga. Akaanza tena. Chini ya meza pakajaa mabonge ya karatasi, na mimi nikaona bora nimchangamshe mtu wa watu, maana pumzi yake ilikuwa inasikika.

Nikamwambia, "Wifi, na hili sasa ni toleo la ngapi?"

Kalamu ikasimama. Nikasikia kiti kinaburutwa. Akazunguka meza yote, akaja akakaa kushoto, nikamwona uso mzima kwa mara ya kwanza tangu hospitali. Alikuwa amekonda, jamani. Mashavu yamekwisha.

Akasema, "Usiiombe radhi hiyo. Ulisoma sawasawa."

Akafungua mkoba wake wa kazini, ule anaoubeba kila siku, akatoa kutoka mfuko wa ndani karatasi iliyokunjwa nne, akaifungua mezani, akailainisha kwa kiganja. Maji ya moto, ndoo moja. Asidi, jagi mbili. Haikuwa na muhuri mwekundu. Nilipitisha kidole changu palepale nilipokipitisha siku ile.

Akaniambia kwamba watu wote waliponikimbiza bombani, yeye alishuka ngazi, akaingia mle ndani, akauona mfuko umegeuka, upande wa nyuma umekuwa wa mbele. Akaitoa. Alisema hakuwa na wazo la kuificha, mkono ulifanya ulichozoea. "Ndiyo kazi yangu, wifi, kutoa karatasi ya zamani. Niliifanya, ila nilichelewa." Kisha alipofika ofisini na kuikuta ile orodha ina sahihi yake, ndipo akajua ameshika nini, na akakosa ujasiri wa kuirudisha. Kila siku alijiambia kesho. Alitaka kuichana, akashindwa. Alitaka hata kuigonga muhuri tu, mkono ukakataa.

Nikamuuliza jambo moja. "Na siku ile ya wakaguzi, kwa nini hukuingia kuitoa?"

Hakunitazama usoni. Alitazama chini, miguuni kwangu.

"Viatu," alisema.

Sitarudia niliyosema. Mimi mdomo wangu hauna breki hata nikiwa na furaha, sembuse siku ile. Nilivua kiatu kimoja nikakirusha, kikagonga mlango, yeye akainuka, akakiokota, akakiweka chini sambamba na mwenzake, ndipo akatoka. Kile kitendo cha kukipanga vizuri kiliniongezea hasira maradufu. Lakini mbele ya hasira kulikuwa na kitu kingine, na nikisema uongo hapa sitakuwa mtu: nilishukuru. Sikuwa nimechanganyikiwa. Nilisoma jagi mbili, na zilikuwa mbili.

Jioni kaka akaja kwangu, ameambiwa yote. Akashika tama. Akasema mambo haya yabaki ndani ya familia. Akasema ile barua ya radhi ingeweza kumaliziwa ikapelekwa, na wao wawili wangenitunza maisha yangu yote, maana mshahara wa mkewe ndio unaoshikilia nyumba. Akasema mmoja wetu lazima apoteze, na mimi tayari... Hapo akakata. Nikamwambia amalizie. Kabla hajamalizia, wifi alikuwa amesimama nyuma yake uani, ameshika kanga yake shingoni. Alimwambia mumewe kwa sauti ya chini kabisa kwamba hadithi hiyo haina toleo la pili. Kaka akainuka akaingia ndani.

Ijumaa nilikwenda na ndala zangu. Meneja alikuwa na orodha mbele yake, ameiwekea kidole kwenye mstari wenyewe. Kabla hajanifungulia mdomo, wifi, aliyeitwa kuithibitisha orodha yake, akasimama, akaenda mpaka mezani, akaiweka ile karatasi juu ya orodha. Meneja aliisoma, akaigeuza, akatafuta muhuri, hakuna. Akamuuliza kama sahihi ile ni yake.

"Sahihi ni yangu," wifi alisema. "Na uongo ni wangu. Huyu alifuata karatasi, kama nilivyomfundisha."

Mzee Povu alikuwa kiti cha nyuma. Alisimama bila kuitwa, akasema naye alitia mbili mgongo kwa mgongo, kama walivyozoea, na akanyamaza alipotakiwa kusema. Akakaa akifuta macho kwa kofia.

Mimi nilirudishwa upakiaji, na matibabu kiwanda kikayabeba. Wifi hakufukuzwa, kwa kuwa alijileta mwenyewe. Meneja alimwondoa ofisini, funguo za kabati la nyaraka wifi akazikabidhi siku hiyohiyo. Akapelekwa kuosha matangi, kwenye nafasi ya Mzee Povu aliyekuwa anastaafu. Ndiko aliko mpaka leo. Mama Toleo wa mihuri na orodha sasa anavaa buti za mpira asubuhi mpaka jioni, na mikono yake imechubuka kwa sabuni. Kabla hajagusa dumu lolote anauteremsha ule mfuko, anaugeuza mbele na nyuma, anautazama juani. Ndani kuna karatasi moja na kipande cha boksi. Wenzake wanamngoja amalize. Hakuna anayemtania.

Viatu bado viko kwangu, kwenye boksi lake, chini ya kitanda. Sivivai, na kumgawia mtu mwingine siwezi.

Nyumbani maisha yanakwenda. Tunaanika nguo pamoja uani kama zamani, na siku hizi anasimama kushoto, hajifichi tena. Kaka anarudi mapema, maskini, hata hadithi hana. Mara mojamoja, akiwa ameshika ncha moja ya shuka na mimi nimeshika nyingine, wifi ananiuliza kama nimemsamehe. Anauliza kwa sauti ya mtu aliye tayari kwa jibu lolote, na mimi sipendi kumdanganya mtu wa namna hiyo.

Juzi aliuliza tena. Nikamwambia nimemsamehe, na nimesema kweli. Nikamwambia pia kwamba asubuhi ya siku hiyohiyo, nilipokosa mlango nikagonga bega, nilikuwa sijamsamehe hata punje, na hiyo nayo ni kweli. Zote mbili zimo mfuko mmoja, mgongo kwa mgongo, na ni upepo unaougeuza, si mimi.

Akalinyoosha shuka upande wake. Kisha akaniuliza ile ya nyuma ataitoa nani.

Nikamwambia sijui. Aliyekuwa anaijua kazi hiyo wamemhamisha.